“Cold shoulder” kwa Kiswahili: kisogo, mgongo, kununa au kuchunia?

Binti mmoja ninayemfundisha Kiingereza nyakati za jioni hapa Mtwara aliniletea zoezi la tafsiri ambamo “cold shoulder” ya Kiingereza ilikuwa imegeuzwa neno kwa neno: “Wifi yangu alinipa bega baridi siku tatu mfululizo.” Aliisoma kwa sauti. Darasa letu ni baraza la nyumba ya bibi mmoja mtaa wa Chikongola, kwa hiyo bibi naye alisikia. Alikuwa amekaa kwenye jamvi anasuka ukili, miyaa imemjaa mapajani. Akaacha kusuka, akamtazama yule binti kwa huruma.

“Bega lina baridi siku tatu? Hiyo baridi yabisi, mwanangu. Mkandeni na maji ya moto.”

Bibi hakuwa na utani hata chembe. Ndivyo alivyoielewa, na kwa Kiswahili kile alichosomewa hakuna namna nyingine ya kuielewa. Ugomvi wote uliokuwa ndani ya sentensi ya Kiingereza ulimwagika njiani, yakabaki maradhi ya viungo.

Tangu jioni ile nimekuwa naandika pembeni ya daftari langu kila neno ambalo watu wa huku wanalitumia kwa hali ile. Yamefika mengi. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina tafsiri ya “cold shoulder” anakosea. Kinazo tele, na shida inayobaki ni kujua ipi inafaa wapi. Nimeyapanga hapa nikiyalinganisha, kwa faida ya walimu wenzangu, ya wanaotafsiri maneno ya filamu, na ya vijana wetu wanaofanya kazi na wageni hotelini na bandarini, ambao wanausikia msemo huu karibu kila siku.

Kwanza tukubaliane Mwingereza anamaanisha nini. “To give someone the cold shoulder” ni kumfanyia mtu makusudi kana kwamba hayupo, au kwamba kuwepo kwake si kitu kwako. Msisitizo uko kwenye makusudi. Mtu aliyekupita sokoni kwa sababu kichwa chake kimejaa madeni hajakupa “cold shoulder”; hakukuona tu. Halafu lazima aliyetendewa awe alitarajia kukaribishwa, kwa kuwa mnajuana, au ni ndugu, au ni mgeni aliyealikwa. Na jambo lenyewe linafanywa bila maneno makali. Aliyekutukana, aliyekufokea, aliyekupa za uso, huyo amekusemesha tayari, na “cold shoulder” ni kunyimwa kusemeshwa.

Kwa matumizi, Mwingereza ana mlango wa kutoa na wa kupokea: mmoja anatoa, mwingine anapata. Anaweza pia kuufanya msemo wote kuwa kitenzi kimoja, na akautumia hata kwa kitu kisicho mtu, kama vile pendekezo lililopelekwa kwa wakubwa likapuuzwa. Hilo la pendekezo tutalirudia, maana ndipo wengi wanapoteleza.

Kuhusu asili yake, mara nyingi utasikia hadithi ya nyama: eti zamani mwenyeji aliyechoshwa na mgeni alimwekea mezani kipande cha bega la kondoo kilichopoa badala ya chakula cha moto, ili mgeni aelewe na ashike njia. Inavutia, na mtu wa pwani anaielewa haraka, kwani mgeni wetu naye tunamjua anapewa nini siku ya kwanza na anapewa nini siku ya nne, jembe akalime. Lakini maandishi hayaiungi mkono. Msemo huu unaonekana katika riwaya ya Walter Scott, mwandishi wa Scotland, iitwayo The Antiquary, iliyotoka 1816. Pale umeandikwa kwa lafudhi ya Kiskoti, na bega linaonyeshwa. Hakuna sahani wala meza. Mwaka 1824 Scott aliutumia tena katika riwaya nyingine, na baada ya hapo ukaenea. Picha ya kugeuza bega ni ya zamani kuliko Scott: katika Biblia, Zekaria 7:11, watu waliokataa kumsikiliza Mungu wanageuza bega na kuziba masikio. Kwa hiyo mimi nafundisha kwamba ni bega la mtu. Anakugeukia ubavu, na bega linakuwa ukuta kati yenu.

Ukishaiona picha hiyo, unaona kwa nini “bega baridi” linakufa likifika kwetu. Linauawa na maneno yote mawili.

Anza na baridi. Huku kwetu baridi haina uadui. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, jasho likikutiririka tangu saa tatu asubuhi, kitu cha baridi ni kitu cha kuombwa: maji ya mtungini, kivuli cha mwembe, upepo wa jioni pale feri watu wakisubiri kuvuka kwenda Msangamkuu. Hata lugha yenyewe imekubali hivyo. Baridi, burudisha na burudani ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo ubaridi na starehe ni ndugu wa tumbo moja. Kijana ukimwuliza “Mambo?” anakujibu “Poa,” yaani yamepoa, yaani mazuri. Homa ikipoa tunashukuru. Aliyepandwa na hasira tunamwombea apoe. Mwingereza ametoka kwenye theluji, kwake joto ni upendo na baridi ni kuachwa nje mlango umefungwa. Mtu wa Newala pengine atamwelewa zaidi kuliko sisi wa pwani, kwa kuwa kule juu uwandani asubuhi za Julai zina ukungu na watu wanatoka na mablanketi. Lakini hata Newala mtu hasemi amepewa baridi.

Kweli, kuna upande ambapo kupoa kwetu ni upungufu. Biashara imepoa, kijiwe kimepoa, penzi limepoa. Angalia hapa kwa makini, kwa sababu ni mtego. Kupoa kunatokea kwenyewe. Chai inapoa bila mtu kuipoza. Ukisema “rafiki yangu amepoa kwangu siku hizi,” unasema uchangamfu umepungua, huenda ana shida zake, huenda hata hajijui. Hujamshtaki. Mwingereza anaposema “cold shoulder” ameshashtaki. Kwa hiyo “amepoa” ni neno zuri kwa urafiki unaofifia, na ni tafsiri mbovu ya mtu aliyekukatalia salamu.

Bega nalo ndiyo kabisa. Kwa Mswahili bega ni la kusaidia: bega kwa bega, kutia bega, mtu wa kumwegemea bega. Wavuvi wa Mikindani wakivuta mtumbwi kuupandisha pwani, bega linaingia chini ya ubao. Ukimwambia mtu amepewa bega, atajua amepata msaada. Ongeza baridi juu yake, umempa msaada wa kuburudisha. Au baridi yabisi, kama bibi.

Sasa tuje kwenye maneno yetu.

Linalokaribia zaidi ni kumpa mtu kisogo. Nilimwuliza bibi anaiitaje hali ya mtu kukujua na asikusemeshe. Hakujibu kwa maneno. Aligeuza shingo taratibu kuelekea ukutani, mtandio ukamteleza, nikabaki natazama mvi zake zilizosukwa twende kilioni, mistari imepinda kidogo alipojisuka mwenyewe bila kioo. Vidole vyake havikuacha ukili. Akakaa hivyo muda wa kutosha mimi kuanza kujisikia vibaya, ingawa nilijua ananionyesha tu. “Hivi,” akasema akiwa bado kaelekea ukutani. “Nimekupa kisogo.”

Nilijifunza zaidi kwa shingo ile kuliko kwa kamusi. Kisogo kinafanya kazi kwa sababu kinamwondolea mtu uso, na uso ndipo salamu zilipo. Ni picha ileile ya bega la Scott, isipokuwa sisi tumegeuka zaidi: Mwingereza anakupa ubavu, sisi tunakupa nyuma ya kichwa. Lakini lina tahadhari yake. “Nilipompa kisogo tu, akaanza kunisengenya” maana yake nilipoondoka tu. Hapo hakuna aliyemnunia mwenzake, kuna mtu aliyetoka na mtu asiye mwaminifu. Ukitaka maana ya “cold shoulder,” weka hali inayoonyesha kwamba mtu alikuwa anatazamiwa kuitikia: “Nilimsalimia mbele za watu, akanipa kisogo.” Ukiiacha peke yake, msomaji anaweza kudhani mtu amekwenda zake.

Kumpa mgongo wengi wanalichukua kama pacha wa kisogo. Mimi nalitenganisha. Kisogo ni cha adabu na salamu, mgongo ni wa shida na msaada. “Alipofilisika, ndugu zake walimpa mgongo.” Hapa huwezi kuweka kisogo bila kupunguza uzito. Kisogo unaweza kupewa asubuhi na jioni mkala sahani moja. Aliyekupa mgongo siku ya shida, mambo yenu hayarudi haraka. Kwa hiyo unapotafsiri, jiulize tukio liko wapi. Kama mtu amepuuzwa harusini au kazini, chukua kisogo. Kama alikwenda kuomba mkopo, hifadhi au neno la kumtetea, akakuta watu hawamjui tena, chukua mgongo. Mgongo pia unatumika kwa mtu aliyeachana na mambo ya dunia, ameipa dunia mgongo, na huko “cold shoulder” haifiki.

Niseme na hili, japo ni la pembeni. Kwa wanawake wa pwani mgongo una maneno. Maandishi ya kanga yanakaa nyuma, na mwanamke anayejua anachokifanya anaweza kupita mbele ya hasimu wake kimya, akageuka, na akamwachia asome. “Hasidi hana sababu” ikipita barazani kwako mara tatu asubuhi moja, huhitaji kuambiwa. Sijaona Kiingereza kikiwa na kitu kama hiki: kimya kinachosomeka. Kama unatafsiri hadithi yetu kwenda Kiingereza na ukakutana na kanga ya namna hiyo, usiandike “cold shoulder.” Eleza kanga.

Kununa na kususa nazo zinachanganywa sana. Kununa kunaonekana usoni: midomo imevimba, macho chini, maswali yanajibiwa “ndiyo” na “hapana.” Aliyenuna anataka ajulikane kwamba amenuna, mara nyingi anangoja abembelezwe. Kususa ni kukataa kitu kwa sababu umekasirika, chakula, zawadi, sherehe, kikao. Ndiyo maana tunasema “ukisusa, wenzio twala,” kwa kuwa anayesusa anaacha kitu mezani. Mtoto aliyekataa ugali kwa sababu amechapwa amesusa. Mke aliyejibu neno mojamoja kutwa nzima amenuna. “Cold shoulder” ya Kiingereza, inapotokea ndani ya nyumba na kati ya watu wanaopendana, mara nyingi ni kununa, na hapo ndipo ningekushauri uanzie. Lakini kuna tofauti moja ya kuizingatia. Anayetoa “cold shoulder” anaweza kuwa na uso mkavu kabisa, hata akawa anatabasamu na wengine chumbani humohumo huku wewe akikuruka. Huyo hajanuna. Kununa kuna uzito wa uso, yeye ana wepesi wa kukuruka.

Kwa mtu kama huyo vijana wana maneno mazuri kuliko ya kamusi: kumchunia, kumpotezea, kumkaushia. Na hapa nataka nikae kidogo, maana nadhani ndipo siri ya lugha yetu ilipo.

Tazama miisho ya vitenzi hivyo: nunia, susia, nyamazia, chunia, kaushia, potezea. Vyote viko katika kauli ya kutendea. Mtu anaweza kununa peke yake chumbani, lakini akinuna kwa ajili yako, amekununia. Anaweza kunyamaza kwa sababu hana la kusema, lakini akikunyamazia wewe, kimya kile kina anwani. Mwingereza anahitaji kitenzi “give” na bega na baridi ili kimya kimfikie mtu; sisi tunakitia sauti mbili mwishoni na kinafika. Mwanafunzi anayetafuta jina la kitu, eti “bega” letu liko wapi, anatafuta mahali pasipo. Liko kwenye kitenzi. Ndiyo maana mara nyingi tafsiri nzuri ya “cold shoulder” ni neno moja tu.

Katika haya matatu, kumchunia ni kumwona na kujifanya humwoni. Ujumbe umesomwa, haujajibiwa. Jina limeitwa barabarani, hajageuka. Angalizo moja, na ni la herufi moja: “amenichunia” na “amenichuna” ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa kwanza amekupuuza. Wa pili amekula pesa zako. Mtafsiri wa filamu akikosa ile “i,” hadithi nzima inageuka.

Kumkaushia ni kukaa kimya kikavu baada ya kuulizwa au kuombwa jambo. “Nilimwomba nauli, akanikaushia.” Nalipenda neno hili. Mwingereza kwa ubaya wa namna hii anapoza, sisi tunakausha. Nami naona inatufaa watu wa huku, tunaoanika mihogo ikawa makopa na samaki wakawa ng’onda. Kitu kilichokauka hakina maji ya kukupa. Jirani yake ni kula buyu, ambalo ni kunyamaza hata ukibanwa, lakini hilo ni la mtu anayeficha habari. Aliyekula buyu anaweza kuwa rafiki yako mkubwa.

Kumpotezea ni jepesi kuliko yote. Anayekupotezea hana hata hasira. Ameamua huna haja ya kumshughulisha. “Mpotezee tu” ni ushauri ambao rafiki anampa rafiki kuhusu mtu mkorofi, na ni ushauri wa amani. Kwa hiyo kama Kiingereza kinaonyesha kinyongo, usitumie kupotezea. Kama kinaonyesha mtu aliyechoka na kuachana na mwenzake, litumie.

Yote matatu ni ya mtaani, na hayapandi kila ngazi. Katika barua ya ofisi au taarifa ya habari chukua “kumpuuza” au “kupewa kisogo.” Na zaidi ya rasmi na mtaani kuna umri, ambao Mwingereza katika msemo huu hauulizi kabisa. Kwake bosi, mtoto, shangazi na mpangaji wote wanaweza kutoa “cold shoulder” ileile. Kwetu hapana. Kijana akimpita mzee bila shikamoo, hatusemi amemchunia. Tunasema hana adabu, na lawama inakwenda hadi kwa waliomlea. Mzee akipewa shikamoo na asiitikie marahaba, basi mzee amekasirika, amemnunia mtoto wake, na mtoto anatafuta mtu wa kumwombea radhi. Kuchuniana ni kwa wenye rika moja. Na kuna kujitenga ambako si kinyongo hata kidogo: kijana anayeinamisha macho au kupisha njia akikutana na mama mkwe wake anamheshimu. Mgeni asiyejua anaweza kuandika kwamba amempa “cold shoulder,” na atakuwa amesoma heshima kama chuki.

Likifanywa na kundi, panda hadi kumtenga. Hili ni neno zito, litumie ukilihakikisha. Mtu aliyetengwa kijijini anaweza kufiwa na watu wasifike kukaa matanga wala kusaidia kuchimba kaburi, na kwa mtu wa Lindi au Mtwara sijui kama ipo adhabu kubwa ya kijamii kupita hiyo. Mwingereza naye ana “cold shoulder” ya namna hii, tena ya kisheria. London kuna chombo kinachosimamia ununuzi wa makampuni, kinaitwa Takeover Panel, na moja ya adhabu zake inaitwa kwa msemo huuhuu: makampuni ya fedha yanayosimamiwa yanakatazwa kumhudumia aliyeadhibiwa katika shughuli za namna hiyo. Hapo kisogo ni kidogo mno, na kuchunia kungekuwa kichekesho. Andika “ametengwa,” au “amefungiwa kuhudumiwa.”

Kwa vitu visivyo watu, nilivyoahidi, kisogo kinaweza kupita: “serikali imelipa kisogo pendekezo hilo.” Magazeti yanaandika hivyo. Kuliweka kapuni ni bora zaidi kama pendekezo lilipokelewa kisha likasahauliwa. Lakini usikimbilie “kulifumbia macho.” Kufumbia macho ni kuona ubaya na kuuachia uendelee. Na kama kuna madai ndani yake, neno ni kugomea, wala si kisogo. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa mkoa huu walikataa bei walizopewa mnadani, na mwezi uliofuata serikali ikaamua kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kiingereza chepesi kingeweza kusema wakulima waliwapa wanunuzi “cold shoulder.” Tafsiri hiyo ingewadhulumu wakulima. Hawakununa wala hawakususa. Waligomea bei, walikuwa na hesabu zao za dawa ya salfa, palizi na vibarua.

Kama kilicho baridi ni mapokezi, yaani mwenyeji amekukaribisha ila hakutaka, tunayo shingo upande. “Alinikaribisha shingo upande.” Mlango umefunguliwa, kiti kimetolewa, na ulimi umesema karibu, lakini shingo imesema ukweli.

Na vita baridi? Hili ndilo baridi la kigeni lililoingia kwetu likakaa. Lilikuja na habari za Marekani na Urusi ya Kisovieti, sasa linatumika hadi kwa mawifi wanaoishi uani mmoja na hawaongei. Limekubalika kwa sababu neno vita linabeba ubaya wote, na baridi inasema tu kwamba hapajapigwa mtu. Litumie pale pande zote mbili zinapochuniana. Kama ni mmoja tu anayenuna na mwingine anabembeleza, bado haijawa vita.

Misemo mingine ya Kiingereza yenye baridi usiichanganye na huu. “Cold feet” ni kughairi kwa woga jambo likiwa limekaribia. Sema ameingiwa na ubaridi, au kama ametoroka kabisa, ameingia mitini. Hilo la ubaridi ni letu kweli, maana baridi ya woga Waswahili tunaijua. “In cold blood” ni kuua kwa makusudi bila huruma. Damu baridi tuwaachie mijusi na nyoka.

Juzi yule binti alirudi na zoezi lake. Alikuwa ameacha wifi palepale, na alikuwa sahihi, kwani msimuliaji wa hadithi ile ni mwanamke. Angekuwa mwanamume ingekuwa shemeji. Kisogo alikikata, akasema ni cha mara moja na hapa ni siku tatu. Kuchunia alikukata, akasema wifi katika hadithi ni mkubwa kwa msimuliaji na wanakaa nyumba moja, hawezi kusemwa kwa neno la kijiweni. Vita baridi aliikata kwa sababu msimuliaji kila siku alikuwa anajaribu kumsalimia. Akasoma kwa sauti: “Wifi yangu alininunia siku tatu mfululizo. Nikipiga hodi, haitikii.”

Bibi aliacha ukili, akainua uso.

“Alimkosea nini?”